Safari ya Lita Moja: Kwa Nini Mafuta ya Bukoba Hayana Bei ya Kurasini

Mhadhara kwa madereva, wamiliki wa magari na vijana wa bodaboda, Bukoba



Nilianza maisha ya kazi nikiwa utingo wa tanka la mafuta. Nilikuwa na miaka 20. Kazi yangu ilikuwa kuweka magogo chini ya matairi kila tunaposimama mlimani, kuchemsha chai, na kukesha nikilinda mifuniko ya tenki wakati dereva amelala. Baadaye nilisoma uhasibu, na kwa miaka mingi nikawa upande wa pili wa safari zile zile, nikipiga hesabu ya kila lori lililotoka Dar es Salaam kuja Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo swali mliloniitia leo nimeishi nalo barabarani na nimeishi nalo mezani. Mnaliuliza kila mwezi: mafuta ni yale yale, yameshuka bandari ile ile, mbona mwenzangu wa Dar es Salaam anatia lita kwa bei moja na mimi wa Bukoba kwa bei nyingine?

Tuanze na karatasi yenyewe. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, hutangaza bei kikomo za mafuta. Utaratibu wa bei kikomo ulianza Januari 2009. Tangazo huja na jedwali refu la miji na wilaya. Tembeza kidole kutoka Dar es Salaam kuja huku kwetu, utaona bei ikipanda kidogo Morogoro, ikiongezeka Dodoma, ikiongezeka tena Singida na Kahama, mpaka inafika Bukoba. Na jirani zetu wa Kyerwa mara nyingi ndio wanaobeba bei ya juu kuliko wote nchini. Kati ya Dar es Salaam na sisi, tofauti imekuwa ikipita shilingi 200 kwa lita.

Wengi wakilalamikia tofauti hiyo huanza na kodi. Kodi ni kubwa, sikatai. Ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na tozo nyingine za Serikali kwa pamoja huchukua karibu theluthi ya bei ya lita ya petroli. Lakini hutozwa kwa lita, kiasi kile kile nchi nzima. Anayetia mafuta Kariakoo na anayetia Murongo wanalipa ushuru ule ule. Kwa hiyo ukitaka kugombana na kodi una haki yako, ila usiitafute ndani ya zile shilingi 200. Haimo.

Haimo pia bei ya dunia. Tanzania huagiza mafuta kwa pamoja, kupitia wakala wa Serikali wa uagizaji, PBPA. Kampuni hushindana kuleta shehena, na bei yake hufuata bei ya mafuta yaliyosafishwa katika soko la dunia, hasa la Ghuba ya Uarabuni, ikiongezwa gharama ya kuyaleta hadi bandarini. Mafuta unayotia leo yalinunuliwa wiki nyingi zilizopita. Ndiyo maana ukisikia redioni kwamba mafuta yameshuka bei duniani, sheli ya hapa mjini haiwezi kushusha kesho yake. Na kwa sababu hiyo hiyo, yakipanda ghafla huko, nasi huchukua muda kuumia. Ila mabadiliko hayo yakishafika, yanatufikia sote, wa pwani na wa bara.

Kinachobaki ni njia. Hapo naomba mnipe muda, maana ndipo penye habari yenyewe.

Meli ya petroli inayofunga gati la mafuta Kurasini hubeba makumi ya maelfu ya tani. Chombo kikubwa namna hiyo kikikata bahari kutoka Ghuba, gharama ya safari ikigawanywa kwa lita moja moja huwa ndogo ajabu kwa umbali ule. Mafuta yanasukumwa kwenye maghala, na kutoka hapo yanapakiwa kwenye matanka. Tanka la kawaida la safari ndefu tuseme linabeba lita 36,000. Linatoka usiku, linapima mizani Vigwaza, linapita Morogoro, Dodoma, Singida, linateremka Sekenke, Nzega, Kahama, Lusahunga, Biharamulo, Muleba, ndipo liingie hapa. Ni zaidi ya kilomita 1,400.

Nitawapigia hesabu kama nilivyokuwa nikiipiga kazini, kwa makadirio ya karibu. Likiwa na mzigo, lori hilo linakwenda kama kilomita mbili kwa lita ya dizeli. Kuja ni lita 700. Kurudi likiwa tupu linakula kidogo, tuseme lita 500. Jumla lita 1,200, na dizeli tukiikadiria shilingi 2,900, hizo ni shilingi 3,480,000. Gawanya kwa lita 36,000 zilizoletwa: shilingi 97 kwa lita. Hapo hujamlipa dereva na utingo, hujaweka matairi, oili, bima na vibali, hujalipa mkopo wa lori, na tajiri mwenyewe hajapata kitu. Weka hayo yote, utaona shilingi 200 inavyojaa bila mtu kuiba.

Na kuna jambo moja ndani ya hesabu hiyo ambalo halisemwi sana. Lori la saruji likishusha mzigo hapa linaweza kurudi na kahawa. Lori la vinywaji linarudi na ndizi au maharage. Tanka haliwezi kurudi na kitu. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepakia kahawa kwenye tenki lililobeba dizeli. Kwa hiyo kila lita inayofika Bukoba imelipia tiketi ya kuja na ya kurudi. Nilipokuwa kijana nilikuwa nikipanda juu ya tenki tupu njiani kurudi, nikigonga bati linalia kama ngoma, sikujua kwamba ule mlio ndio ninyi mlikuwa mnaulipia.

Umbali wa bandari ndio pia unaoeleza kwa nini kaskazini na kusini wana hesabu zao. Mikoa ya Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Manyara hupangiwa bei kwa mafuta yanayoshuka Tanga. Mtwara, Lindi na Ruvuma kwa yanayoshuka Mtwara. Mwezi ambao meli haikushusha shehena ya aina fulani Tanga, wenye vituo wa huko hulazimika kuyafuata Dar es Salaam na bei inabeba barabara hiyo. Lori linalotoka Mtwara kwenda Songea halina haja ya kupitia Dar es Salaam, na mwananchi wa Songea anaokolewa na jambo hilo.

Wenzetu wa Kenya wana mfano mzuri zaidi. Bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978, na katika miaka ya 1990 likafikishwa Eldoret na Kisumu. Bomba halichoki, halirudi tupu, halichomi matairi. Matokeo yake Nairobi huizidi Mombasa kwa shilingi chache tu za Kenya kwa lita, ilhali ziko karibu kilomita 500. Lakini bomba haliendi Mandera. Huko mafuta hufika kwa lori, na katika bei zinazotangazwa kila tarehe 14 ya mwezi, Mandera ndiyo hukaa juu. Sisi tunalo bomba la TAZAMA, lenye kilomita 1,710, lililokamilika mwaka 1968, ila lilijengwa kuipelekea Zambia mafuta na linaelekea Ndola kupitia kusini-magharibi. Kanda ya Ziwa haina bomba la kuiletea petroli na dizeli. Mimi naamini bila wasiwasi kwamba unafuu wa kweli wa mikoa hii utaletwa na reli: mabehewa ya mafuta yanayofika Mwanza au Isaka kwa wingi, maghala makubwa huko, kisha matanka ya safari fupi. Kila mwenye nafasi ya kulisema mbele ya viongozi aliseme.

Sasa, vijana wa bodaboda, nisikilizeni, maana mpaka hapa nimesema habari za wenye sheli karibu.

Mwaka jana nilikwenda msibani katika kijiji kimoja cha Karagwe, kilomita 38 kutoka Omurushaka. Pikipiki iliyonipeleka iliishiwa mafuta. Tukasimama kwenye duka lenye meza nje, juu yake chupa za maji ya kunywa zimejazwa petroli, rangi kama chai ya rangi iliyopoa. Bei ilikuwa shilingi 4,000 kwa chupa. Sheli ya mjini wiki ile ilikuwa 3,100. Na chupa yenyewe niliitazama vizuri: ilikuwa imejazwa mpaka mabega, haikufika shingoni. Haikuwa lita.

Yule kijana aliyenibeba anatumia lita tatu kwa siku. Anazidishiwa shilingi 900 kwa lita. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 70,200 kwa mwezi. Ule umbali wa Dar es Salaam tunaoulalamikia, zile shilingi 200, unamgharimu yeye 15,600. Nilirudia hesabu hiyo mara mbili nikiwa nimeketi kwenye kiti cha nyuma, na nilisikitika sana. Miaka yote nimepigania bei ya tanka, na kumbe mwenye kuumizwa zaidi anaumizwa katika kilomita 38 za mwisho, mahali ambapo jedwali la EWURA halifiki.

Nilimuuliza mwenye duka kwa adabu, mzee mwenzangu, kwa nini iwe 4,000. Hakukasirika. Alinipa hesabu yake kwa vidole. Pikipiki yake inakwenda mjini na madumu mawili ya lita 20. Kwenda na kurudi ni kilomita 76. Mafuta ya safari yanamgharimu kama shilingi 6,800. Siku ya kijana anayeendesha ni 10,000. Jumla 16,800, kwa lita 40. Ni shilingi 420 kwa lita kabla hajapata faida, kabla ya yanayomwagika na yanayoyeyuka juani.

Nilirudi nyumbani nikiwaza jambo hilo tu. Kwa kilomita 38, pikipiki inatoza shilingi 420 kwa lita. Kwa kilomita 1,400, tanka linatoza kama 200. Na meli, kwa bahari nzima, kwa kila kilomita inatoza chini ya wote. Kila chombo kinavyokuwa kidogo ndivyo lita inavyobebwa kwa gharama kubwa. Mzee yule hakuwa mwizi. Alikuwa na chombo kidogo.

Dawa ipo, na si ya kubuni. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukitoa mikopo ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini. Kituo kidogo chenye tenki lake la chini ya ardhi kinaletewa mafuta kwa lori na kuuza kwa pampu iliyopimwa. Kijiwe chenye bodaboda 40 zinazotumia lita tatu kila moja ni soko la lita 120 kwa siku bila kuhesabu mashine za kusaga na magari ya mazao. Kikundi kilichosajiliwa, chenye kiwanja na akaunti benki, kina neno la kwenda kusema ofisini kwa mkurugenzi wa halmashauri. Na sisemi kwa ajili ya fedha peke yake. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, tanka lilianguka, watu wakakimbilia kuchota kwa madumu, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Petroli iliyowekwa kwenye chupa chini ya kitanda, karibu na kibatari, ni moto ule ule unaosubiri.

Nije kwa wenye magari, na hapa nitakwenda kwa kasi kidogo.

Bei kikomo ni dari. Mwenye sheli haruhusiwi kuipita, lakini anaweza kuuza chini yake, na wapo wanaofanya hivyo. Dari ya eneo lako unaipata bure kwa simu, piga *152*00# ufuate maelekezo. Bango la bei lazima lisomeke barabarani. Ila usivuke mji mzima kwa ajili ya shilingi kumi. Ukitia lita 30 umeokoa shilingi 300. Kwa gari linalokwenda kilomita kumi kwa lita, kuzunguka kilomita sita kumekula kama shilingi 1,800. Vivyo hivyo foleni ya Jumanne usiku kabla bei haijapanda: shilingi 50 kwa lita 40 ni shilingi 2,000, na saa nzima ya kuunguruma kwenye foleni inakula sehemu yake. Mwenye safari ndefu ndiye anayepata kitu. Unatoka Dar es Salaam, jaza tenki huko, kisha ongeza njiani kwa kadiri unavyohitaji. Usibebe madumu ndani ya gari.

Unapotia, shuka garini. Tazama pampu ianze sifuri. Mimi niliwahi kutia mafuta usiku, nimechoka, nimekaa ndani na kioo nusu, na niliposhuka kulipa pampu ilisoma lita 47 kwa tenki langu la lita 45 ambalo halikuwa tupu. Sikuwa na stakabadhi, sikuwa na la kusema, nililipa. Tangu siku hiyo nadai stakabadhi kila mara, yenye jina la kituo, tarehe, bei na lita. Bila karatasi hiyo malalamiko yako hayana miguu. Tazama pia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu. Na wale wanaosema tieni alfajiri kwa sababu mafuta yakiwa baridi ni mengi zaidi: tenki la sheli liko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki sana kati ya alfajiri na mchana. Laleni tu.

Lakini akiba kubwa kuliko hizo zote iko kwenye daftari. Mnacheka, lakini nalisema kwa moyo wote. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita. Ukijaza tena, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizotia. Fanya hivyo kila mara. Gari langu dogo lilikuwa likinipa kilomita 11 na kitu kwa lita, mwaka hadi mwaka. Mwezi mmoja likashuka hadi 9. Sikuwa nimesikia mlio, injini ilikuwa nzuri. Fundi alinyanyua magurudumu akazungusha moja moja kwa mkono. La nyuma kushoto likagoma. Breki ilikuwa inashika. Rimu ilikuwa ya moto kiasi cha kuchemsha chai. Nilikuwa nikiendesha huku nimekanyaga breki kwa mwezi mzima, na daftari ndilo lililoniambia.

Upepo wa matairi upimwe kwa geji, tairi likiwa baridi, angalau mara mbili kwa mwezi. Tairi lililolegea linavuta gari nyuma. Keria tupu juu ya paa iondoe, upepo unaigonga safari nzima. Bodaboda, cheni kavu na iliyolegea inakula mafuta; na mishikaki, abiria wawili au watatu, tukiacha hatari yake, inaipa injini ndogo kazi isiyotengenezewa. Mwendo ndio mkubwa kuliko yote: nguvu ya upepo inayolizuia gari ukiwa na kilomita 120 kwa saa ni zaidi ya mara mbili ya ile ya 80. Ile haraka ya Muleba hadi hapa unailipia kwa kila lita.

Na la mwisho, wazee wa malori, ni Sekenke. Tulifundishwa na waliotutangulia kwamba mteremko ni wa bure: toa gia, piga fri, acha gari liteleze, mafuta yabaki. Nilimwona dereva wangu wa kwanza akifanya hivyo, nikiwa pembeni yake, tumebeba lita elfu thelathini na kitu. Breki zilitoa moshi mpaka ukaingia kwenye kabini. Tulisimama kwenye kokoto pembeni na hakusema neno kwa nusu saa, alikaa ameshika usukani. Injini za siku hizi, zenye mfumo wa umeme wa kupuliza mafuta, zikiwa kwenye gia na mguu umeondolewa kwenye moto, zenyewe hukata mafuta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukipiga fri injini inalazimika kuunguruma kwa mafuta yake isizimike. Kwa hiyo anayeteremka Sekenke kwa gia ya chini anatumia mafuta machache kuliko anayeteleza, na breki zake zinafika Igunga zikiwa nzima.

Maswali sasa. Wenye stakabadhi za wiki hii zitoeni, tuzisome pamoja, tuanze na yule kijana wa Kyerwa aliyeketi mlangoni.